Mheshimiwa Waziri, hebu hesabu mikoko iliyo hai

Assalaam alaykum Mheshimiwa unaehusika na misitu, jina silitaji mana mawaziri hubadilishwa na shida yetu haijabadilika.

Mie natokea kusini Pemba. Mama yangu analima mpunga bonde linalopakana na pwani, au niseme alikuwa akilima, mana sasa kaacha. Wakati nipo skuli bonde lile likitoa mpunga mpaka tunawapelekea jamaa wa mjini, leo ukenda unakuta ardhi imepiga weupe kama imemwagiwa unga, ile ni chumvi Mheshimiwa, bamvua, yale maji makubwa ya bahari, likijaa maji yanaingia moja kwa moja kwa sababu mikoko iliyokuwa ikiyazuia ishakatwa. Najua na bahari yenyewe inapanda sikatai, lakini inapanda milimita chache kwa mwaka, shoka halingoji mwaka.

Sasa kila baada ya muda tunaletewa sherehe ya kupanda. Fulana mpya, maspika, soda, watoto wanatolewa madarasani wanachomeka zile mbegu za mkoko ndefu kama matunda ya mlonge, picha zinapigwa, jioni tunasikia redioni imepandwa miche elfu ngapi sijui. Na ni mkoko mtupu, aina hiyo moja tu katika mikoko yote, mana wenyewe ni rahisi unachomeka tu basi. Mzee yoyote wa pwani angewambia kule mbele mawimbi yanakopiga ni pahala pa mlilana, aina nyengine hiyo ya mikoko, nayo mkoko na mkandaa hukaa nyuma yake. Lakini nani kawauliza wazee? Upepo wa kusi ukipiga mara moja tu miche yote inaelea, na fulana bado hazijachuja.

Na huku inayosimama inakatwa. Kuni za tanuu la chokaa, mkaa, boriti, hata vijiti vya shamba la mwani. Na wakataji sio wageni, ni ndugu zetu, siwezi kukudanganya. Watu tumezidi, sensa ya 2012 Zanzibar tulikuwa 1,303,569, ya 2022 tukawa 1,889,773, wote hao wanataka kupika na kujenga na visiwa ni vile vile.

Sheria ya misitu ipo tangu 1996 na inaruhusu jamii kuingia mkataba na serikali ilinde msitu wake. Sie kamati tunayo. Ilimkamata mtu usiku na mzigo wa mikandaa, ikampeleka panapohusika, wiki ya pili jamaa kapita na shoka lake begani anatusalimia vizuri tu! Tokea hapo vijana wa doria wamevunjika moyo, na hiyo doria yenyewe wanakwenda na tochi za simu.

Kwa hiyo ombi langu ni moja, kabla ya sherehe nyengine mtume watu waje pale pale palipopandwa miaka miwili nyuma wahesabu mingapi iko hai, na pesa za fulana wapewe kamati wanunue tochi na viatu, na mtu akikamatwa kesi ifike mwisho.

Ukija mwenyewe tutafurahi zaidi, ila uje bamvua na viatu vya mpira. Ukija maji mafu, yale madogo, utakuta bonde kavu utasema watu hawa wanatia chumvi.