Nataka kurudi Tanga, lakini kodi na akiba za Marekani zimenifunga miguu

Ndugu mshauri, pamoja na wasomaji wenzangu,

Salamu kutoka Houston. Mimi ni mjane wa miaka 52, mama wa watoto wawili, muuguzi katika nyumba ya kulelea wazee. Nilikuja Marekani mwaka 2007 kwa bahati nasibu ya grini kadi. Kabla ya hapo nilikuwa karani Tanga, kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Tangu nifike huku sijawahi kuruka hata mwaka mmoja bila kujaza ritani ya kodi. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele kuna mambo yatakayomfanya mtu aniite mkwepa kodi, na neno hilo linaniuma.

Kwa miaka kumi na moja nilijaziwa ritani na mtu mmoja mwenye kiofisi karibu na kazini kwangu. Nilimpa karatasi za mshahara, alibofya, nilisaini, nikaondoka. Mwaka jana alifunga ofisi, nikaelekezwa kwa dada mmoja wa Mombasa mwenye leseni ya kazi hiyo. Huyu ana desturi ya kukusomea kila swali kwa sauti na kusubiri jibu. Akafika mahali akauliza, "Dadangu, huko nyumbani una akaunti yoyote ya benki? Hata ya pamoja na mtu?" Nikamjibu bila wasiwasi kwamba ninayo, ya mimi na mama. Akaiweka kalamu mezani. Akaomba ritani zangu za nyuma, akanigeuzia karatasi na kunionyesha kisanduku kimoja kidogo: una akaunti nje ya Marekani? Hapana. Mwaka uliotangulia, Hapana. Na uliotangulia huo, Hapana. Chini ya zote, saini yangu.

Wallahi sikuwahi kuulizwa swali lile. Lakini nilisaini.

Akaunti yenyewe ilianza mwaka 2014 baada ya baba kufariki. Mama aliogopa kwenda benki peke yake, tukaingiza jina langu. Humo ndimo zinamopita ada za wapwa zangu, dawa za mama, na fedha za ujenzi wa nyumba yetu ya Chumbageni. Mdogo wangu aliyeko Muscat naye huweka humo humo. Mwaka 2021 tulipokuwa tunakusanya za kuezeka, salio lilifika shilingi milioni 41. Baadaye tukaweka sehemu yake kwenye amana ya muda maalumu, na benki inakata asilimia 10 ya riba kwa ajili ya TRA. Mbali na hiyo nina vipande vya Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS, mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa huko nyumbani, nilivyoanza kununua mwaka 2019 kidogo kidogo kwa ajili ya wanangu. Sasa vimefika kama milioni 18. Na mbele ya nyumba kuna fremu mbili, mpangaji wake ni duka la dawa. Anakata kodi ya zuio asilimia 10, inayobaki anampa kaka yangu, kaka anamnunulia mama mahitaji. Sijaigusa hata shilingi moja ya pango lile, kwa hiyo sikuwahi kuihesabu kuwa kipato changu. Ila hati ina jina langu.

Dada yule akanieleza taratibu, nami nayaandika hapa kwa ajili ya mwenzangu yeyote aliye kama mimi. Marekani humtoza kodi raia wake, na mwenye grini kadi pia, kwa kipato chake cha dunia nzima. Riba ya Tanga na pango la Chumbageni vilitakiwa viwemo kwenye ritani yangu ya Houston. Kodi iliyokwisha kulipwa TRA inaweza kupunguzwa kwenye ya Marekani, mradi niwe na ushahidi. Kisha kuna ripoti ya akaunti za nje, ile wanayoiita FBAR. Si kodi, ni taarifa tu, lakini jumla ya akaunti zako zote ikivuka dola 10,000 hata kwa siku moja ya mwaka, lazima uitoe. Kwamba fedha nyingi ni za mama na mdogo wangu hakunisaidii, maana jina langu limo. Hata kwa asiyekusudia, adhabu ya kutoripoti inaweza kufika dola 10,000 na zaidi kwa mwaka mmoja. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Bittner, iliamua kwamba kwa mtu wa namna hiyo inahesabiwa kwa kila ripoti, si kwa kila akaunti. Nafuu ipo, lakini mimi nina miaka zaidi ya sita ambayo sikuripoti.

Vipande vya UTT ndivyo vilivyonishangaza kuliko vyote. Kwa sheria za huku, mfuko wa uwekezaji wa nje una hesabu zake za peke yake, na fomu yake ni namba 8621. Kwa kuwa vyangu viko chini ya dola 25,000 huenda nisilazimike kuijaza kila mwaka, lakini siku nikiuza, faida yake haihesabiwi kama faida ya kawaida. Kitu nilichokinunua kwa simu nikiwa mapumziko kazini, nikiona naweka akiba ya salama kabisa, kumbe kina mzigo huo.

Kuna njia ya kujirekebisha kwa mtu ambaye hakukusudia. Narekebisha ritani za miaka mitatu, natoa ripoti za akaunti za miaka sita, nalipa kodi iliyopungua na riba yake, na juu yake asilimia 5 ya jumla ya akiba zangu za nje, ile ya mwisho wa mwaka iliyokuwa kubwa kuliko zote. Kwangu asilimia hiyo ni kama dola 1,100. Gharama ya kuandaliwa makaratasi yote ni dola 3,500. Fedha hizo nitazipata, nitachukua zamu za usiku. Kinachonitoa usingizi ni maelezo. Natakiwa nieleze kwa maneno yangu mwenyewe, chini ya kiapo, kwa nini sikuripoti. Nilikaa mezani jikoni nikaamua niandike kwanza kwa Kiswahili. Nikaandika "Sikujua." Nikaitazama ile sentensi. Kisanduku kilikuwepo miaka yote, na Kiingereza nakisoma. Nitamwambiaje mtu asiyenijua kwamba niliyaamini macho ya mwingine kuliko yangu?

Ushahidi wa kodi ya TRA nao ni kazi. Nilipompigia kaka kuhusu vyeti vya kodi ya zuio vya yule mpangaji, akasema, "Dada, karatasi zote ziko kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda cha mama." Akanipigia video, akaumwaga ule mfuko sakafuni: risiti za saruji, kadi ya kliniki, kuponi ya LUKU ya mwaka 2016, na kati yake vyeti vitatu. Vitatu, kwa miaka yote ile.

Shemeji yangu wa Dallas anasema nianze kuripoti mwaka huu tu, ya nyuma niyaache, hakuna atakayeyafukua. Dada wa Mombasa anasema hapana: benki nyingi duniani sasa hupeleka taarifa za wateja wenye uhusiano na Marekani, na kuanza kimyakimya kutafanya nionekane niliyekuwa nikificha. Moyo wangu uko upande wake. Lakini shemeji ana watu aliowaona wakifanya hivyo na hawakuguswa, na ndugu wengine wanamsikiliza yeye.

Jambo la pili ndilo lililonifanya niandike badala ya kuhangaika peke yangu. Mama ana miaka 79. Novemba alianguka bafuni akavunjika nyonga. Natunza wazazi wa watu wengine usiku kucha, nawageuza wasipate vidonda, halafu wangu anageuzwa na msichana wa kazi wa miaka 19. Nataka kurudi, tena si baada ya miaka kumi.

Nina dola 94,000 kwenye mfuko wa 401k, yaani akiba ya uzeeni inayowekwa kupitia mwajiri. Nikizitoa sasa nakatwa kodi na juu yake faini ya asilimia 10, kwa kuwa sijafika miaka 59 na nusu. Nimeambiwa kwamba nikiacha kazi mwaka ninaotimiza 55 au baada ya hapo, naweza kutoa kwenye mfuko wa mwajiri huyo bila ile faini. Huo ni mwaka 2028. Pensheni ya serikali, Social Security, krediti 40 za kazi zinazotakiwa nilishazitimiza, lakini kwa niliyezaliwa mwaka 1973 malipo kamili ni miaka 67, na kidogo kuanzia 62.

Nikiacha kadi nikarudi nikiwa Mtanzania tu, hakuna mkataba wa kodi kati ya Tanzania na Marekani wa kunikinga. Fedha za 401k hukatwa asilimia 30 zinapotoka, na pensheni hukatwa asilimia 25.5. Nikifa Tanga nikiwa nimeziacha huku, mirathi ya mgeni husamehewa dola 60,000 za kwanza tu za mali iliyoko Marekani. Nikiondoka bila kuirudisha kadi rasmi, uhamiaji wanaweza kuona nimeitelekeza, lakini kwa upande wa kodi bado nitahesabiwa wa kwao. Na nikiirudisha, kwa kuwa nimekaa nayo zaidi ya miaka minane, lazima nithibitishe kwamba miaka mitano ya nyuma ritani zangu zilikuwa sahihi. Nisipoweza kuthibitisha, nawekwa kwenye kundi moja na wenye utajiri wa dola milioni 2. Mimi, muuguzi wa zamu!

Uraia wa Marekani ungepunguza mengi ya hayo. Lakini Tanzania haina uraia pacha, na asiye raia hamiliki ardhi kama raia. Hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine inazungumzwa sana miongoni mwetu, na wenzangu wawili wanaingojea. Mimi bado sijathubutu kuweka nyumba ya Chumbageni rehani ya jambo ambalo sijalishika mkononi. Kaburi la baba liko mwendo wa dakika kumi kutoka mlango wa nyumba ile.

Nina pia miezi 84 ya michango NSSF, niliyoiacha mwaka 2007. Pensheni inataka miezi 180. Pungufu ni miezi 96, yaani miaka minane, na nikianza leo nitakuwa na miaka 60.

Maswali yangu ni haya. Kwanza, je, yupo kati yenu aliyepitia njia ile ya kujirekebisha, na katika maelezo yake aliandika nini? Siombi maneno ya kunakili, naomba kujua kama ukweli mtupu kama wangu, wa mtu aliyesaini bila kusoma, hupokewa. Pili, je, nimalize kwanza madeni ya karatasi, nisubiri hadi 2028 nifike 55, ndipo nirudishe kadi? Au nichukue likizo bila malipo sasa nikae na mama miezi michache, nikirudi nianze hayo? Tatu, nyumba na fremu nimhamishie kaka, au kuhamisha sasa hivi kutaonekana kama kuficha mali? Nne, NSSF inapokea michango ya hiari kwa aliyeacha miaka mingi hivi, au fedha hiyo niiweke mahali pengine? Na ikiwa ni mahali pengine, basi wapi, ikiwa hata vipande vya UTT vina shida?

Dada wa Mombasa amenipa hadi mwisho wa mwezi niamue kama aanze kazi. Kaka anaendelea kutafuta vyeti. Jana amenitumia picha ya cha nne, kilikuwa ndani ya msahafu wa baba.

Mama wa wawili,
Houston, Texas