Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Majibu ya utafiti yaturudie Mpondwe

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mhudumu wa afya wa kijiji karibu na Mpondwe, wilayani Kasese, Uganda, ambako mto Lhubiriha ndio mpaka wetu na Kongo, na ambako Wakonzo wa huku na Wanande wa ng'ambo huoana, huzikana na kuuziana mazao kana kwamba mto ule haupo.

Juni 2019, mtoto wa miaka mitano aliletwa kutoka Kongo na jamaa zake waliotoka msibani, akapimwa na kukutwa na Ebola. Yeye, bibi yake na mdogo wake walifariki. Wahudumu wa afya na watu waliokutana na wagonjwa walipewa chanjo, nasi tunashukuru, kwani ugonjwa haukusambaa vijijini mwetu. Hata hivyo chanjo ile ilitengenezwa dhidi ya aina moja tu ya Ebola, ile iitwayo Zaire. Aina nyingine iliyozuka mwaka 2007 huko Bundibugyo, ng'ambo ya Milima ya Rwenzori, ilikuwa mpya kabisa kwa sayansi, ikapewa jina la wilaya ile. Watu wa mpakani ndio waliougua, na miili yao ndiyo iliyoufundisha ulimwengu.

Kinachonisumbua ni kwamba mafunzo hayo hayaturudii. Miaka michache iliyopita niliwaongoza watafiti nyumba kwa nyumba, nikiwaomba majirani wakubali kutolewa damu, nao wakakubali kwa sababu mimi ndiye niliyeomba. Watafiti hawakurudi. Mama mmoja muuza ndizi hunisimamisha njiani hadi leo kuniuliza damu yake ilionyesha nini, nami sina la kumjibu. Mheshimiwa, mlipuko mwingine ukija, nitabisha hodi katika nyumba hizo hizo, na sijui kama nitafunguliwa.

Kwa hiyo naomba kibali cha utafiti wowote unaofanyika mpakani kiwe na sharti la mtafiti kurudi kijijini na kueleza matokeo kwa Lukonzo na Kiswahili, na fedha za safari hiyo zitengwe tangu mwanzo, kwa sababu kazi isiyotengewa fedha haifanyiki. Naomba pia utafiti usisubiri watu wafe. Wakati wa utulivu ndipo watu huwa na nafasi ya kueleza bila hofu wanavyowauguza wagonjwa wao, wanavyoosha maiti, na kwa nini mwenye homa hupita njia za panya badala ya kituo cha mpakani anakopimwa joto. Mambo haya hakuna mashine ya maabara inayoweza kuyaona. Na kwa kuwa familia moja ina nyumba pande zote mbili, maswali yaulizwe pande zote mbili, kwa makubaliano na wenzako wa Kongo.

Ukipata nafasi ya kufika Mpondwe, nitakupeleka kwa yule mama.

Wako mtiifu,
Mhudumu wa afya wa kijiji, Mpondwe