Lebo ya diski isomwe kwenye diski yenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi kwa ajili ya wasomaji wanaonakili CD na DVD zao za zamani kwa kutumia skripti (faili la amri zinazotekelezwa kwa mfululizo), kabla diski hizo hazijachakaa kiasi cha kutosomeka. Skripti nyingi zinazopokezanwa mikononi zina kasoro moja: huchukua jina la folda ambako diski imepachikwa, yaani ambako kompyuta huonyesha faili zake, au neno la mwisho katika jibu la amri fulani, na kuliita lebo, yaani jina ambalo diski ilipewa ilipochomwa. Nakala hupewa jina lisilo lake. Kosa hilo likishaingia kwenye orodha ya diski mia tatu, kulitoa ni kuanza upya.

Folda si lebo. Kwenye macOS, diski mbili zenye lebo moja zikiwa ndani kwa wakati mmoja, ya pili hupachikwa kwa jina lililoongezewa nafasi na tarakimu 1. Kwenye Linux, majina yaliyo ndani ya /dev/disk/by-label huandika nafasi kama \x20, na skripti isiyojua hilo huingiza alama hizo nne kwenye orodha kana kwamba aliyechoma diski ndiye aliyeziandika.

Lebo yenyewe ina mahali pake maalumu. Diski ya data ya mfumo wa ISO 9660, kanuni ya kupanga faili kwenye CD, imegawanywa katika sekta za baiti 2048. Sekta namba 0 hadi 15 zimetengwa kwa matumizi ya mfumo. Sekta ya 16 ndiyo yenye maelezo makuu ya diski. Baiti yake ya kwanza ni namba 1, ikifuatiwa na herufi CD001. Ukiruka baiti 40 kutoka mwanzo wa sekta hiyo unafika kwenye lebo, nayo ina urefu wa baiti 32. Kwenye Linux, ambako /dev/sr0 ni jina la kiendeshi cha diski, inasomwa hivi:

dd if=/dev/sr0 bs=2048 skip=16 count=1 2>/dev/null | tail -c +41 | head -c 32

Namba ni 41 kwa sababu tail huanza kuhesabu na 1, si 0. Wengi hufupisha kwa kuandika bs=1 skip=32808 count=32, maana 16 mara 2048 ni 32768, ukiongeza 40 unapata 32808. Hesabu ni sahihi na Linux huikubali, lakini FreeBSD hukataa kusoma kipande cha sekta. Kuchukua sekta nzima kisha kuikata ni njia inayofanya kazi kote, na amri hiyohiyo husoma faili la .iso ukiweka jina la faili mahali pa /dev/sr0.

Lebo fupi hujazwa nafasi hadi zitimie baiti 32. PICHA_2004 ina herufi 10, kwa hiyo zinafuata nafasi 22, na skripti inayoilinganisha na jina lililo kwenye orodha itasema hazifanani. Baadhi ya programu za kuchoma diski hujaza baiti za sifuri badala ya nafasi, na hapo bash, programu inayotekeleza amri hizi, hulalamika. Ongeza mwishoni: | tr -d '\0' | sed 's/ *$//'. Na kabla ya kuamini chochote kilichosomwa, hakikisha baiti ya 2 hadi ya 6 za sekta hiyo ni CD001. Bila ukaguzi huo, skripti itachukua takataka yoyote na kuifanya jina.

CD ya muziki haina lebo kabisa, kwa sababu haina mfumo wa faili. dd ikirudisha kosa la kusoma hapo, diski haijaharibika. Baadhi ya CD hizo zina jina la albamu katika CD-Text, ambayo imehifadhiwa nje ya eneo ambalo dd hulifikia. Amri ya cd-info huionyesha.

Sasa jambo linalowachanganya hata wenye uzoefu: diski moja inaweza kuwa na lebo mbili au tatu, zisizofanana. Lebo ya ISO 9660 kwa kanuni huruhusu A hadi Z, tarakimu na kistari cha chini pekee. Ili kuruhusu herufi ndogo na za lugha nyingine, Joliet, nyongeza ya ISO 9660, huongeza maelezo ya pili, yenye namba 2 katika baiti ya kwanza, na humo kila herufi hutumia baiti mbili. Baiti ni zilezile 32, basi herufi ni 16 tu. Diski iliyopewa jina “Picha za safari ya 2004” itabaki na “Picha za safari” upande wa Joliet, wakati upande wa ISO mwaka bado upo. Ukiwa na diski ya 2003 na ya 2004, Joliet itakupa jina moja kwa zote mbili. Ushauri wangu ni kusoma zote na kuziandika zote.

Usidhani Joliet iko sekta ya 17 daima. Diski inayoweza kuwasha kompyuta huweka rekodi ya kuwashia hapo. Skripti isonge mbele sekta moja moja kuanzia 16 hadi ikutane na namba 255, ambayo ndiyo alama ya mwisho wa maelezo, na ikifika kwenye namba 2 iipitishe lebo kwenye iconv -f UTF-16BE -t UTF-8.

Lebo ya tatu ni ya UDF, mfumo mwingine wa faili. DVD za filamu hubeba ISO 9660 na UDF kwa pamoja, ilhali Blu-ray kwa kawaida ina UDF peke yake. Hapo sekta ya 16 itakuonyesha BEA01 badala ya CD001. UDF hutafutwa kuanzia sekta ya 256, na kuichambua kwa mkono ni kazi ndefu isiyo na faida. Tumia amri ya udflabel.

Anayetaka amri moja tu kwenye Linux atumie hii, akiwa na ruhusa ya kusoma kiendeshi:

blkid -p -o value -s LABEL /dev/sr0

Hiyo -p isiachwe. Bila hiyo, mtumiaji asiye na ruhusa hupewa kumbukumbu iliyohifadhiwa awali bila kuhakikiwa, na jibu linaweza kuwa la diski iliyokwisha kutolewa. Namba ambayo amri hurudisha ikimaliza ikiwa 2, hakuna kilichopatikana. Mara nyingi kiendeshi bado kinazungusha diski, basi skripti isubiri sekunde chache na kujaribu tena. Ukitumia isoinfo -d -i /dev/sr0, tafuta mstari unaoanza na “Volume id:” kamili, kwani kuna mingine inayoanza na “Volume set”.

Diski zilizochomwa kwa awamu kadhaa zinahitaji uangalifu zaidi. Kila awamu ina maelezo yake, sekta 16 baada ya mwanzo wake. dd yenye skip=16 husoma awamu ya kwanza, hata kama lebo ilibadilishwa baadaye. wodim -msinfo dev=/dev/sr0 hutoa namba mbili, ikiwa diski haijafungwa; ya kwanza ndiyo mwanzo wa awamu ya mwisho, iongeze 16.

Kwenye Windows, amri ya vol D: inamfaa mtu anayetazama kwa macho. Kwa skripti haifai: sentensi yake hubadilika kulingana na lugha ya mfumo, na mstari wa pili wa namba ya utambulisho hufuta ulichokamata kwenye wa kwanza. PowerShell hutoa lebo peke yake:

(Get-Volume -DriveLetter D).FileSystemLabel

Faili la .bin, yaani nakala ghafi ya diski, lenye sekta za baiti 2352 lina hesabu nyingine. Katika modi ya 1, baiti 16 hutangulia data ya kila sekta, hivyo lebo iko baada ya baiti 37688 tangu mwanzo wa faili. Katika modi ya 2 aina ya 1 zinatangulia 24, nayo iko 37696.

Hata lebo iliyosomwa vizuri haitoshi kuitambulisha diski. Programu ya kutengeneza diski ya genisoimage huandika CDROM mchomaji asipotaja jina, na ile ya xorriso huandika ISOIMAGE. Mkusanyiko mkubwa utakuwa na nyingi za namna hiyo. Chukua pia tarehe ya kutengenezwa kutoka sekta ileile, kwa tail -c +814 | head -c 16: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde na sehemu za mia za sekunde, zote kwa tarakimu. Iunge na lebo, badilisha kila mkwaju uliomo kuwa kistari, na jina zima uliweke ndani ya alama za kunukuu kabla ya kuliita faili.

Msomaji wako,
Mtunza kumbukumbu za kidijitali