YAH: KUPINGA TAARIFA KWAMBA WANANCHI WAMERIDHIA SHAMBA LA MIKARATUSI BONDENI

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Mashamba ya Miti,
Mufindi, Iringa.

Ndugu Meneja,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Sisi wakulima wa vinyungu, yaani bustani za bondeni penye unyevu, vilivyo chini ya shamba lenu jipya tunapinga taarifa mliyoisambaza kwamba mgogoro wa miti yenu kusogea kijitoni umekwisha kwa maridhiano. Mliwaita wajumbe wachache wa serikali ya kijiji hotelini Mafinga, mkawapa posho, wakasaini karatasi ya mahudhurio, na karatasi hiyo ndiyo mnayoionyesha wilayani kama ridhaa yetu. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kusema ndani yake, haukuitishwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Miti yenu imesogea mno hadi anayechota maji hushika shina la mkaratusi asiteleze. Tunafahamu kwamba sheria hiyo inatubana hata sisi wa vinyungu, na tuko tayari kupimwa. Tusichokubali ni kamba kupita upande wetu tu.

Kwa madawati ya shule na rangi ya zahanati tunashukuru, ingawa nembo yenu ukutani imelizidi jina la zahanati yenyewe. Hata hivyo, kila tulipouliza habari za maji, Afisa Uhusiano wenu alitukumbusha madawati, kana kwamba aliyepokea msaada amepoteza haki ya kuhoji.

Kwa hiyo tunaomba muifute taarifa hiyo kwa maandishi, kisha mje kwenye mkutano mkuu, siku isiyo ya mnada, mkiwa na ramani ya shamba na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, isomwe kwa Kiswahili na maswali yajibiwe papo hapo, huku muhtasari ukiandikwa na mtendaji wa kijiji na si na mtumishi wenu. Kamba ya kupimia tutaishika pamoja.

Tusipopata majibu ndani ya siku 30, tutapeleka malalamiko haya NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, Iringa.

Wenu,
Katibu, kwa niaba ya wakulima wa vinyungu

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri; Mwenyekiti wa Kijiji