Tangi la Jajja Injinia bado halijaisha

Wazazi, wanafunzi wa zamani, wenzetu tuliofanya kazi pamoja bwawani, na kila anayeitakia mema shule yetu hapa Walukuba, Jinja: salaam.

Tunaona haya kubisha hodi tena. Mwaka haujaisha tangu mtuchangie madawati, na juzi tu mmetoa mabugo, yaani michango ya msiba, tulipomzika mhandisi wetu, yule watoto waliyemwita Jajja, yaani babu. Lakini mvua za Septemba hazijui haya.

Darasa la P.3, yaani la tatu la msingi, linavuja, na si tone la kukingia kikombe. Mvua ya Mei iliteremka ukutani, ikapita juu ya ubao na kuifuta hesabu ambayo mwalimu alikuwa amekataza isiguswe. Aliyeiandika ni marehemu mwenyewe.

Mnaomkumbuka kazini mtakumbuka bisibisi yake. Pale Nalubaale, bwawa ambalo sisi wazee bado tunaliita Owen Falls kama lilivyoitwa lilipofunguliwa mwaka 1954, alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye beringi, mpini sikioni, anafumba macho. Akiyafumbua anasema, "Hii inaumwa." Tukifungua, kweli inaumwa. Mitambo 10, kila mmoja alijua sauti yake. Alipostaafu akahamishia sikio lake kwenye paa letu.

Siku ile alipoiandika hesabu hiyo ubaoni, aliwauliza watoto: mvua ikinyesha milimita moja juu ya mita moja ya mraba, ni maji kiasi gani? Kimya. Akawaambia ni lita moja. Wakapima jengo kwa kamba: urefu mita 24, upana mita 8. Mvua moja nzuri ya milimita 25 inamwaga lita 4,800, yaani jerikani 240. Mtoto mmoja akasema, "Jajja, kumbe tunakanyaga maji yetu wenyewe!" Alicheka mpaka akakaa chini.

Ndipo akachora tangi la lita 20,000 na mifereji ya kuzunguka paa jipya. Hakudai hata nauli. Msingi aliusimamia mwenyewe, akimrudisha fundi kila zege lilipozidi maji. Leo nondo zimesimama pale zinapata kutu, na mbuzi wa jirani amejifunga kamba humo mara mbili.

Hapa lazima tuseme ukweli, maana mtausikia sokoni. Alitwambia simenti iwekwe juu ya mbao. Sisi kamati tukaipanga sakafuni, stoo ikaingia maji, mifuko 11 ikawa mawe. Kosa ni letu, si la mwingine. Aliiona, akaigonga kwa fimbo, hakusema neno. Afadhali angetugombeza.

Bomba la shule limekatwa kwa deni. Kwa hiyo watoto wanateremka ziwani upande wa Masese na jerikani zao, wanaingia maji mpaka magotini, na wote tunajua konokono wa kichocho wako wapi.

Tunahitaji shilingi milioni 9 kwa mabati, mbao, mifereji, simenti, waya na fundi. Tunazo milioni 2 na laki 3, zikiwemo laki 4 za mabugo ambazo mjane ametuletea kwa mkono wake akisema, "Malizeni kazi ya mzee." Tulizipokea huku tukitazama chini.

Nanyi mliosoma chini ya paa hili, tunawaona. Tangu 2018 mnapita juu ya daraja jipya la Nile, mnapiga picha zile nyaya, mnaendelea Kampala. Kukata kona kuja Walukuba ni dakika chache. Hamjakatazwa.

Kila shilingi itaandikiwa risiti, mweka hazina na mwalimu mkuu watasaini pamoja, na hesabu zitabandikwa mlangoni pa ofisi. Simenti itakaa juu ya mbao.

Tukutane shuleni Jumamosi ya mwisho ya Agosti, saa tatu asubuhi. Shehe na padri wote wamekubali kuja kumwombea, nao wameahidi maombi mafupi. Asiye na pesa aje na koleo. Mchanga uko, kokoto ziko. Atakayeshindwa kufika atume mchango wake kwa mweka hazina au auache ofisini. Chai itakuwepo. Sukari bado tunatafuta.

Katibu, kwa niaba ya kamati ya wazazi