Lile fuvu chini ya msalaba si la illuminati

Mhariri,

Naandika kutoka Kisumu nikiwa na hasira kidogo, mnisamehe. Dani yetu, yani nyanya, alikuwa Mkatoliki wa kulala na rozari mkononi, kwa hivyo tulipomjengea kaburi mwaka jana tukampelekea fundi wa mawe ile rozari auchonge msalaba wake kwa graniti vile ulivyo, na herufi IHS hapo juu. Fundi akafanya kazi safi sana. Jiwe kufika bomani, baba mkubwa akaona kale kafuvu na mifupa miwili chini ya miguu ya Yesu, akasema hiyo ni illuminati na haikai hapa. Jiwe likarudi mjini, likasuguliwa, tukalipa mara ya pili.

Sasa Biblia tunasoma ya wapi? Golgotha maana yake ni Fuvu la Kichwa, iko kwa Mathayo 27. Na Wakristo wa kale walikuwa wanasimulia kwamba Adamu alizikwa papo hapo, yani damu ya Yesu ikidondoka inamuosha yeye kwanza, ndo maana wachongaji wakaweka fuvu lake chini ya msalaba. Angalia yule Mjerumani Albrecht Dürer, mwaka 1514 alichonga kwa shaba picha ya Mtakatifu Jeromu akiandika, msalaba mdogo uko mezani, fuvu limekaa dirishani, simba na mbwa wamejilaza sakafuni. Huyo Jeromu ndiye aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini jamani, si mganga.

IHS nayo, mtu akatuambia eti ni kifupi cha Kiingereza cha "nimeteseka". Wapi! Ni herufi tatu za kwanza za jina Yesu kwa Kigiriki, hiyo ya katikati inafanana tu na H yetu lakini kwao ni e.

Hofu hii naielewa, 1994 Rais Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza uabudu shetani na sisi tuliokuwa watoto tulitishwa vya kutosha. Lakini makatekista na mapasta si wangetuelezea hizi alama hata dakika kumi tu baada ya ibada?

Saa hii jiwe la dani lina ua la waridi, dizaini ya kompyuta ya fundi. Rozari alirithi baba mkubwa, na Oktoba ndiye hutuongoza kusali nayo. Kafuvu bado kako pale pale, sijamwambia.

Msomaji wenu,
Kisumu