Usilitupe hilo ua

Kwako mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Barua yako ilinikuta na sindano mkononi, nikaziweka chini nikaisoma mara mbili. Umefuma maua manne ukitaka yageuke felti, yaani kitambaa kizito ambacho nyuzi zake zimeshikana mpaka vitanzi havionekani; umeyasugua kwenye maji ya moto mpaka vidole vimechubuka, na bado kila kitanzi kinaonekana kama ulivyokifuma. Halafu ukamalizia kwamba mikono yako haikuumbiwa kazi hii. Hilo neno limenichoma, dada. Mikono hiyohiyo ndiyo iliyonionyesha jinsi ya kuanza vitanzi. Kabla hujailaumu, tuulaumu uzi kwanza.

Katafute ile karatasi iliyokuwa imezungushiwa bonge la uzi. Nadhani utakuta imeandikwa sufu asilimia 100, na chini yake kwamba unaweza kuufua kwa mashine. Kama ndivyo, kazi iliharibika kabla hujaanza kufuma. Unywele wa kondoo una magamba madogo mno, yamepangana kama vigae vya paa, yote yakielekea nchani. Ukiulowesha kwa maji ya moto yenye sabuni, magamba yananyanyuka. Ukiusugua, unatambaa kuelekea upande wa shina lake, na hauwezi kurudi kwa sababu magamba yanaukwamisha. Unakutana na mwenzake, wanashikana, na mwingine anaingia katikati yao. Felti ni hiyo tu, hakuna gundi wala mshono. Sasa, watengenezaji wa uzi wa kufuliwa kwa mashine huyaondoa hayo magamba kwa klorini, au huyafunika kwa utando mwembamba, ili sweta la mtu lisisinyae. Huo uzi wako ungeusugua hata mwezi mzima.

Kwa hiyo tafuta sufu inayosema ifuliwe kwa mkono tu. Akriliki, ule uzi wa kiwandani usio wa mnyama, iache kabisa kwa kazi hii. Na weupe uwe nao macho: sufu nyeupe iliyopaushwa kwa dawa mara nyingine nayo hukataa kushikamana, hata kama jina lake ni sufu tupu. Mimi siku hizi siamini karatasi peke yake. Nakata kipande cha uzi, nakiviringisha viganjani na tone la sabuni na maji ya moto mpaka kiwe kama kipira. Ndani ya dakika tano hivi najua. Kikigeuka kigumu na nyuzi hazitengani tena, nafuma. Kikibaki kilegevu, uzi huo nitautafutia kofia.

Jambo la pili, na hapa najua hutapenda nikisema, ni kwamba unafuma kwa kubana mno. Kwenye sweta ni sifa, mistari yako inanyooka kama imepigwa rula. Kwenye ua la felti unyoya lazima uwe na nafasi ya kutembea, na wewe umeufunga pingu. Kama uzi unataka sindano za milimita 4, chukua za 6. Ua litakuja kubwa, legevu, la kukatisha tamaa, unaona mwanga katikati ya vitanzi. Usilikaze. Linatakiwa kuwa hivyo.

Na upime kabla na baada. Kipande changu cha majaribio cha mwisho kilikuwa na sentimita 13 kwa upana na 12 kwa urefu; kilipotoka majini kilikuwa 11 kwa 8 na nusu. Unaona? Kimesinyaa zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, na sufu nyingi ziko hivyo. Ndiyo maana petali ukizifuma na umbo unalolitaka zinatoka fupi na nene. Nazifuma ndefu kupita kiasi, kama ndimi, na maji yanazirudisha.

Sasa kuosha. Maji ya moto peke yake hayafanyi mengi. Kinachofanya kazi ni msuguano. Sabuni iwe kidogo, maana povu likizidi nyuzi zinateleza juu ya povu badala ya kukwaruzana. Kama unatumia mashine, yatie maua kwenye foronya uliyofunga mdomo, pamoja na suruali kuukuu ya jinzi ya kuyapigapiga. Taulo usitie. Niliwahi kutia taulo jeupe pamoja na maua ya zambarau, na nyuzinyuzi za taulo zikaingia ndani ya felti, zikawa sehemu yake. Nilikaa jioni nzima nikizing'oa kwa kibanio na sikuzimaliza.

Lakini mimi kwa maua madogo napenda mikono, kwa sababu naona. Mwanzoni hakuna kitu, Zuhura. Unasugua, unasugua, na ua linazidi kutanuka na kulegea mpaka unadhani umeliharibu. Usiache hapo. Baada ya muda unahisi kabla hujaona: kile kitambaa kilichokuwa kikiteleza kinaanza kukataa, kinakuwa na uzito fulani kati ya kidole gumba na cha shahada. Kisha vitanzi vinaanza kufifia. Zile alama ndogo za V zinajaa manyoya, kingo zinanenepa, na ghafla huoni tena ufumaji, unaona ngozi ya ua. Nimefanya hivi mara nyingi na bado pale ninapopafikia nashusha pumzi. Hapo suuza kwa maji ya baridi, tia siki kidogo kwenye suuzo la mwisho kuondoa ukali wa sabuni, na usitamani kuongeza dakika mbili. Maji yakimwagika hayazoleki, na sufu ikishashikamana hairudi.

Nikutahadharishe na petali zinazolaliana. Waridi langu la kwanza lilikuwa na petali kumi na mbili, nililishona lote nikiwa na furaha, ndipo nikalitia majini. Lilitoka donge. Petali zilikuwa zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, na nilipojaribu kuzitenganisha zikachanika. Niliumia sana, maana lilikuwa zawadi ya mtu. Sasa kila petali naiosha peke yake na kushona ni baadaye. Kama ni lazima ziwe pamoja, weka kipande cha mfuko wa plastiki katikati ya kila safu. Nyuzi haziwezi kupenya.

Au fanya hii ninayoipenda kuliko zote. Fuma duara bapa, ligeuze felti, likauke. Kisha chukua mkasi mkali ukate kuanzia ukingoni ukizunguka kuelekea katikati, kama ganda la konokono, upana wa kidole. Katikati acha kiduara kidogo. Anza kuviringisha kutoka ncha ya nje, kaza kidogo mwanzoni kisha legeza, na kile kiduara cha mwisho kinakuja chini yake chenyewe kama kitako. Shindilia mishono mitano ya uzi wa kawaida kutoka chini, na una waridi. Ukitaka ukingo wa petali uwe wa mawimbi, kata kwa kuyumbisha mkono. Felti haifumuki, Zuhura, kata popote! Baada ya miaka ya kuogopa kitanzi kimoja kudondoka, uhuru huo wa mkasi ni kitu kikubwa kwangu.

Umeuliza pia kama ua la namna hii litadumu kwenye kofia. Lidumishe wewe kwa kuliweka mbali na nondo, kwa sababu viwavi vyake hula sufu: lisafishe kabla ya kulihifadhi, na lifunge kwenye mfuko usioingiza hewa. Zaidi ya hapo sina wasiwasi. Kwenye makaburi ya Pazyryk, katika milima ya Altai huko Siberia, wachimbaji walikuta bata maji waliotengenezwa kwa felti, wenye zaidi ya miaka 2,200, kwa sababu barafu ilikuwa imeingia kaburini ikawahifadhi. Mmoja wao yuko kwenye jumba la makumbusho la Hermitage, mjini Saint Petersburg. Nilipoiona picha yake sikuangalia sana umri. Niliiangalia ile shingo ilivyopinda, nikafikiria mtu aliyekaa akiipinda kwa vidole ikiwa bado mbichi, kama tunavyopinda petali.

Kwa pini ya nyuma, usiigundishe. Kata kiduara cha felti kidogo kuliko ua, shona pini ya usalama juu yake, ndipo ukishone kiduara kwenye ua kwa kuzunguka. Gundi hukauka na kuachia. Mishipa ya majani utaichora kwa sindano ya felti, ile yenye vijino vinavyosukuma nyuzi za sufu ndani ya kitambaa. Weka sifongo chini, choma wima na itoke wima, maana ukiipinda ikiwa ndani inakatika.

Hayo maua manne usiyatupe. Yashone kama yalivyo kwenye kofia yako ya kijivu, ni ufumaji mzuri na uzi wake hauna kosa kwa kuvaliwa. Ndani ya bahasha hii nimekuwekea petali mbili za uzi mmoja, vitanzi sawa, mistari sawa. Moja nimeshaiosha. Nyingine sijaigusa. Ichukue hiyo, chemsha maji, na uisugue mpaka ilingane na mwenzake. Kisha niandikie ilichukua muda gani, na unitumie na ile karatasi ya uzi nione kama nilibahatisha.

Ni mimi rafiki yako,
Mwanaidi